Kuzijua Sehemu na Taa za Rauta: Mwongozo kwa Ofisi na Nyumba za Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapofunguliwa, kuanzia mwezi wa Oktoba, simu ninazopigiwa kutoka Newala, Tandahimba na Masasi hufanana mno. Mtandao umekatika, wakulima wamejaa barazani wakisubiri taarifa za malipo yao, na karani wa chama cha msingi ananiambia kwamba kifaa kinawaka taa nyekundu. Nikimwuliza ni taa ipi, jibu huwa ni "ile ya katikati." Nimewahi kuondoka Mtwara Mjini alfajiri, nikapanda uwanda wa Makonde hadi kwenye ofisi ya namna hiyo, na kazi iliyonisubiri ikawa ni kusukuma waya mmoja mpaka ulie "tak." Nauli ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko bei ya waya wenyewe, nami nikaamua kuandika hatua hizi kwa ajili ya mtu ambaye si fundi, lakini ndiye anayekaa na kifaa kila siku.

Kisanduku tunachokiita rauta kwa kawaida hubeba kazi kadhaa kwa pamoja. Hupokea mtandao kutoka kwa mtoa huduma, ambayo ndiyo kazi ya modemu. Huugawa kwa vifaa vya ndani, ambayo ndiyo kazi ya rauta hasa. Huwa na matundu kadhaa ya waya, ambayo ni swichi ndogo ya mtandao. Na huwa na redio ya waifai. Kila kazi ina taa yake au hushirikiana taa na nyingine. Mtu akilielewa hilo, taa zinaacha kuwa mapambo, kwa sababu kila moja inasimulia habari za sehemu moja tu ya safari ya mtandao.

Hatua ya kwanza: kigeuze kifaa na usome kibandiko

Usianze na taa. Kishike kifaa, kigeuze chini juu, na usome kibandiko kilichobandikwa tumboni. Hapo utakuta jina la aina ya kifaa, namba yake ya utambulisho inayotanguliwa na herufi S/N, jina la waifai lililowekwa kiwandani pamoja na nenosiri lake, na mara nyingi anwani ya kuingilia kwenye mipangilio, ambayo katika vifaa vingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Utakuta pia mstari ulioandikwa MAC, wenye alama 12 zinazochanganya tarakimu na herufi kuanzia A hadi F. Sita za mwanzo humtambulisha mtengenezaji, na zilizobaki hukitofautisha kifaa hicho na ndugu zake. Piga picha ya kibandiko chote kwa simu yako, kwa kuwa mtoa huduma anaweza kukuuliza jambo mojawapo kati ya hayo, na vibandiko vya huku pwani hufifia haraka kwa joto na unyevu.

Maandishi muhimu kuliko yote kwenye kibandiko hicho, kwa maoni yangu, ni yale ambayo watu huyaruka: kiasi cha umeme ambacho kifaa kinahitaji. Huandikwa kwa mfano 12V na 1.5A. Sasa chukua adapta, yaani kile kichwa kinachochomekwa kwenye soketi ya ukutani, na usome upande wa neno OUTPUT. Namba ya volti lazima ilingane kabisa na ile ya kibandiko. Namba ya ampea inaweza kulingana au kuzidi, lakini isipungue. Adapta ya volti 12 ikichomekwa kwenye kifaa kinachotaka volti 5 inaweza kukiunguza papo hapo, wakati adapta ya volti 5 kwenye kifaa cha volti 12 kwa kawaida haitakiwasha, au itawasha taa dhaifu zisizo na maana yoyote. Karibu na namba hizo utaona pia mchoro mdogo wenye alama ya kujumlisha na ya kutoa, unaoonyesha kama chanya iko katikati ya kichomeo au pembeni. Michoro ya adapta na kifaa nayo inapaswa kufanana.

Ninakaa sana kwenye jambo hili kwa sababu ya bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni mjini Lindi. Alinipigia akilalamika kwamba mtandao wake unazimika kila jioni, mchana hauna shida. Nilipofika nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu. Nyumba hii ina mzimu, hautaki wageni." Mzimu ulikuwa adapta. Mtu alikuwa amebadilishana adapta ya rauta na ya king'amuzi, kwa kuwa vichomeo vyake vinaingiliana na zote mbili zilikuwa za volti 12. Ile ya king'amuzi ilikuwa na ampea 0.5 tu, na rauta ilitaka 1.5. Mchana, wakati simu mbili tatu zimeunganishwa, ilitosha. Jioni wageni walipojaa na redio ya waifai ikaongeza kazi, umeme ukapungua, taa zote zikazimika kwa mkupuo na kuanza upya. Ukiona taa zote zinazimika pamoja kisha zinawaka tena bila umeme wa nyumba kukatika, ishuku adapta kabla ya kumshuku mtoa huduma.

Hatua ya pili: tambua matundu ya nyuma

Geuza mgongo wa kifaa ukuelekee. Tundu dogo la duara ni la umeme, na pembeni yake huenda pakawa na kitufe cha kuwashia. Halafu kuna matundu ya mraba yenye nyuzi nane za shaba ndani. Hayo hupokea kebo ya mtandao, ile yenye kichwa cha plastiki angavu na ulimi unaoshikilia. Tundu la namna hiyo lakini jembamba zaidi ni la waya wa simu ya mezani, na kichwa chake kidogo kinaweza kuingia kwa makosa kwenye tundu pana na kulegea humo, jambo linalowapotezea watu saa nzima.

Kati ya matundu mapana, moja hutengwa na mengine. Huandikwa WAN au INTERNET, na watengenezaji wengi hulipa rangi yake, mara nyingi buluu, huku yaliyobaki, yaliyoandikwa LAN pamoja na namba 1 hadi 4, yakiwa na rangi nyingine kama manjano. Usitegemee rangi peke yake, soma herufi. Tundu la WAN ni mlango wa kuingilia, na hapo ndipo inapochomekwa kebo inayotoka kwa mtoa huduma au kwenye kisanduku cha faiba. Matundu ya LAN ni milango ya ndani, ya kupeleka mtandao kwenye kompyuta, mashine ya kuchapisha au kamera. Kebo ya mtoa huduma ikichomekwa kwenye LAN badala ya WAN, taa ya tundu itawaka vizuri tu, waifai itaonekana kwenye simu, na bado hakutakuwa na intaneti. Hilo ndilo kosa linalotokea zaidi baada ya mtu kufagia na kupanga upya meza.

Kuna kosa jingine la adimu lakini la hatari, nalo ni kuchomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye matundu ya kifaa kimoja. Mtu hukuta kebo inaning'inia, akaona haifai kuachwa hivyo, akaichomeka popote. Katika vifaa visivyo na kinga, ujumbe huanza kuzunguka bila kikomo, na taa za matundu yote hupepesa kwa kasi, kwa pamoja, bila kupumzika hata kompyuta zikiwa zimezimwa. Ukiona hivyo, fuatilia kila kebo kwa mkono kutoka ncha hadi ncha.

Kama mtandao wako unaletwa kwa faiba, kutakuwa na tundu la mraba lenye kifuniko cha vumbi, na waya mwembamba unaoingia humo una kichwa cha plastiki cha kijani au cha buluu. Rangi hizo zina maana. Kichwa cha kijani kimesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8, cha buluu hakina mshazari huo. Vikikutanishwa, mwanga hupotea njiani. Waya huo haubebi umeme bali mwanga usioonekana kwa macho, kwa hiyo usichungulie kamwe ndani ya ncha yake ukidhani kwamba kwa kuwa huoni kitu basi hakuna kitu. Usiukunje pia kama kamba, wala usiupitishe chini ya mguu wa kabati.

Wenye rauta za laini ya simu watafute mwanya wa kuingizia laini, ambao huwa ubavuni, chini au nyuma ya kifuniko kidogo. Laini iingizwe kifaa kikiwa kimezimwa, na upande wa shaba uelekezwe kama mchoro unavyoonyesha. Antena za vifaa hivi nyingine ni za kufunga kwa skurubu. Zikaze kwa vidole, si kwa koleo.

Hatua ya tatu: jua vitufe kabla hujavigusa

Tundu dogo kama la sindano lenye neno RESET halikusudiwi kuwashia upya. Ukiingiza pini humo na kubonyeza kwa takribani sekunde 10, kifaa husahau kila kitu kilichowekwa, pamoja na jina na nenosiri ambalo fundi wa mtoa huduma aliliingiza siku ya kwanza, na baada ya hapo hata kama hitilafu ya awali imeondoka, mtandao hautarudi mpaka mtu ayaingize upya. Nimeshuhudia ofisi zikijitia kwenye tatizo kubwa kwa kutibu tatizo dogo kwa njia hii. Kuwasha upya ni kuchomoa umeme, kuhesabu hadi thelathini na kurudisha.

Kitufe cha WPS huruhusu kifaa kipya kuunganishwa bila nenosiri kwa muda wa dakika 2. Vifaa vingine vina kitufe cha kuzima waifai peke yake, na huyu ndiye mtuhumiwa wangu wa kwanza pale ambapo kompyuta zenye waya zinafanya kazi lakini simu zote zimekosa mtandao.

Hatua ya nne: zisome taa kwa mpangilio wa safari

Sasa geuza uso wa kifaa. Usizisome taa kutoka kushoto kwenda kulia kama mstari wa kitabu, wala usianze na ile inayokutisha kwa wekundu. Zisome kwa kufuata njia ambayo mtandao wenyewe unapita: umeme kwanza, kisha waya au mawimbi yanayotoka nje, kisha intaneti, kisha waifai na matundu ya ndani. Taa ya kwanza yenye kasoro katika mpangilio huo ndiyo inayostahili kushughulikiwa; zinazoifuata mara nyingi zinaumwa kwa sababu yake.

Mara tu baada ya kuwashwa, taa zote huweza kuwaka kwa pamoja kwa kitambo, kifaa kikijipima. Subiri. Vifaa vingi vya nyumbani huhitaji dakika moja hadi tatu ili kutulia, na mtu anayechomoa umeme tena baada ya sekunde ishirini kwa kukosa subira hatajua kamwe kama kingetulia.

Taa ya umeme, yenye neno POWER, PWR au alama ya duara lililokatwa na kijistari juu, inapaswa kuwaka mfululizo. Isipowaka kabisa, jaribu soketi kwa kuchomeka chaja ya simu, angalia kama swichi ya ekstensheni haijazimwa, kisha rudi kwenye adapta. Baadhi ya vifaa vina taa ya SYS, na hapa kuna mtego: katika vifaa kadhaa vya zamani taa hii inapopepesa polepole ndipo kifaa kinapokuwa na afya, na ikiganda ndipo kuna tatizo. Si kila kupepesa ni ugonjwa.

Baada ya umeme, ifuate njia ya kutoka nje. Kwa mwenye faiba, taa mbili ndizo zinazotawala. Taa ya PON ikiwaka bila kupepesa, kifaa chako kimetambuana na mtambo wa mtoa huduma. Ikipepesa, bado kinabisha hodi. Taa ya LOS inapaswa kuwa imezimika, na wengi huishangaa kwa sababu wamezoea kwamba taa iliyozimika ni kitu kibovu. LOS ikiwaka au kupepesa kwa rangi nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa: ama kichwa cha waya hakijaingia sawasawa, ama waya umekunjwa au kukatika mahali fulani kati yako na mtambo. Angalia kichwa na sehemu ya waya unayoiona ndani ya chumba, na ukikuta pako sawa, acha. Kuzima na kuwasha kifaa mara kumi hakuungi waya uliokatwa na jembe barabarani.

Kwa mwenye rauta ya laini, taa au vijistari vya mawimbi vinaeleza nguvu ya minara inayofika mezani kwako. Nyumba nyingi za kwetu zimeezekwa bati, na bati huzuia mawimbi, kwa hiyo kukisogeza kifaa kutoka katikati ya chumba hadi dirishani kunaweza kuongeza kijistari kimoja au viwili. Likumbukwe hata hivyo kwamba taa haijui habari za kifurushi. Kifurushi kikiisha, kifaa kinaweza kubaki kimesajiliwa kwenye mnara na taa zake zote zikabaki za kupendeza, wakati hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Angalia salio kwanza.

Taa ya intaneti, yenye umbo la tufe la dunia au neno INTERNET, ni ya mwisho kwa upande wa nje. Ikiwa nyekundu au ya rangi ya chungwa huku taa zilizoitangulia zikiwa nzima, waya uko salama lakini kifaa hakijapewa ruhusa au anwani na mtoa huduma: huenda malipo yamekwisha, nenosiri la huduma limefutika, au hitilafu iko kwao. Hapo ndipo simu kwa mtoa huduma inapokuwa na maana.

Taa za waifai huwa moja au mbili, na zikiwa mbili huandikwa 2.4G na 5G. Hiyo 5G ni gigahezi 5, si kizazi cha tano cha simu, ingawa nimeshakutana na watu waliouziwa kifaa kwa kuaminishwa hivyo. Mawimbi ya gigahezi 5 huwa na kasi zaidi lakini hushindwa haraka na ukuta, na ukuta wa majengo ya kale ya Mikindani na Kilwa Kivinje, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ni mnene kiasi kwamba chumba cha pili kinaweza kukosa kabisa. Katika nyumba kama hizo tumia 2.4 au pitisha kebo.

Hatua ya tano: inama uone taa ndogo za matundu

Pembeni mwa matundu ya kebo, hasa kwenye swichi za ofisini, kuna taa ndogo sana, mara nyingi mbili kwa kila tundu. Moja huwaka mfululizo kuonyesha kwamba ncha mbili za kebo zimeonana, na nyingine hupepesa data inapopita. Vifaa vingine huzichanganya kazi hizo katika taa moja. Rangi nayo huweza kueleza kasi, lakini kila mtengenezaji ana desturi yake, kwa hiyo linganisha matundu ya kifaa chako wewe. Kama kompyuta tatu zinazofanana zinaonyesha kijani na ya nne chungwa, ya nne inapita kwa kasi ndogo zaidi, na sababu mara nyingi iko kwenye kebo: kasi ya gigabiti 1 hutumia jozi zote nne za nyuzi zilizo ndani, wakati megabiti 100 hutosheka na jozi mbili, hivyo uzi mmoja wa zile jozi mbili zilizobaki ukikatika ndani ya kebo, mara nyingi mtandao hauzimiki bali hupungua mwendo kimyakimya.

Tundu lisilowaka kabisa lijaribu kwa kuhamisha kebo hiyo hiyo kwenda tundu la jirani. Ikiwaka huko, tundu la kwanza limekufa. Isipowaka popote, kebo au kompyuta ndiyo yenye shida, na kama kebo inapita kutoka jengo moja hadi jingine, pima umbali: kikomo chake ni mita 100.

Matundu yaliyokufa moja moja nimeyakuta zaidi baada ya mvua za radi. Mvua zinapoanza kwetu mwishoni mwa mwaka, watu hukumbuka kuchomoa umeme na kusahau kebo inayotoka kwenye antena ya paa au jengo la pili, na radi huingia kwa mlango huo. Chomoa vyote viwili. Kwa ofisi zilizo karibu na bahari, adui ni chumvi. Vuta kichwa cha kebo, angalia nyuzi za shaba chini ya mwanga. Ukiona ukungu wa kijani, kata kichwa na kufunga kipya, usikwangue kwa kisu.

Hatua ya sita: rekodi taa siku ambayo kila kitu ni kizima

Hatua hii haina ufundi wowote, nayo ndiyo inayonirahisishia kazi kuliko zote. Siku ambayo mtandao unafanya kazi vizuri, piga video ya sekunde kumi ya uso wa kifaa, kwa kuwa picha ya mgando haionyeshi taa inayopepesa, kisha video nyingine ya mgongo ikionyesha kila kebo imeingia wapi. Andika kwenye karatasi jina la kila taa, rangi yake, na kama inaganda au inapepesa, uibandike ukutani juu ya kifaa. Kwenye kila kebo funga kipande cha plasta kilichoandikwa inakotoka na inakokwenda.

Siku ya ubovu, simama mbele ya karatasi hiyo na utafute taa isiyofanana nayo. Ukimpigia fundi au mtoa huduma, mwambie hivi: "Taa ya PWR ni kijani na imeganda, PON inapepesa, LOS ni nyekundu, nimekaza kichwa cha faiba na nimezima na kuwasha mara moja." Karani mmoja wa huko juu alinisomea maneno ya namna hiyo msimu uliofuata, nami sikupanda gari, mtoa huduma ndiye aliyetuma watu wake, wakakuta waya umekatika kwenye nguzo. Kifaa kikibadilishwa, karatasi ya zamani ing'olewe siku hiyo hiyo, kwa sababu taa za kifaa kipya huenda zikawa na rangi tofauti kabisa.